Barua ya Wazi kutoka Busia: Mkilazimika Kufunga Tena

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo, Waziri wa Afya, Waziri wa TEHAMA na Mwongozo wa Kitaifa, wakuu wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na wakuu wa wilaya wote mnaoketi kwenye kamati za kupambana na magonjwa ya mlipuko.

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima pamoja na jamaa zenu. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini katika shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tunachouziana nacho sokoni, ndicho madereva wa malori wanachoulizia njia, na Baraza la Mawaziri lenyewe lilikipitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi ya nchi.

Nilicho nacho ni hiki. Corona ilipoingia, mlifunga kila mahali watu wanapokutana: shule, makanisa, misikiti, minada, teksi, matanga. Mkatuambia maisha yaendelee kwa redio, televisheni na simu. Waliokuwa navyo walihama. Wengi hawakuweza kuhama, na hakuna aliyerudi nyuma kuwatafuta. Baadaye milango ilifunguliwa, lakini mambo mengi yamebaki huko huko kwenye simu, na watu wale wale waliokosa njia mwaka 2020 wanaikosa hata sasa. Ugonjwa mwingine utakuja. Ebola ilikuja Septemba 2022 na ikarudi Januari 2025, kwa hiyo sisemi jambo la kubuni. Nawaomba mkae sasa, kukiwa kumetulia, mwamue ni vitu gani havitafungwa tena kirahisi, na vikifungwa kitawekwa nini mahali pake ambacho kila mtu anaweza kukifikia.

Kwanza haki yenu niwape. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa 21 Machi 2020, na shule zilikuwa zimefungwa siku moja kabla. Nchi ilikaa mpaka Julai mwaka ule kabla ya kutangaza kifo cha kwanza. Wataalamu wa maabara ya virusi kule Entebbe walipima sampuli usiku na mchana. Mimi si miongoni mwa wanaosema ugonjwa ulikuwa uongo. Juni 2021 nilizika watu niliokuwa nikisalimiana nao kila asubuhi, na kwa jumla, tangu mwanzo mpaka mwisho, vifo vilivyoandikwa nchini vilipita 3,600. Kufunga kwa mara ya kwanza silalamikii. Nalalamikia urefu wake, mpangilio wake, na yale mliyodhani simu ingeyafanya.

Shule zilifungwa 20 Machi 2020 na zikafunguliwa zote 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu hivyo, na wanafunzi walioguswa walikuwa kama milioni 15. Hayo ofisi zenu zinayajua. Ambalo huenda halikufika mezani kwenu ni jinsi miezi hiyo ilivyogawanywa. Watahiniwa walirudi Oktoba 2020. Madarasa mengine yakarudi kwa zamu mwaka 2021. Darasa la kwanza mpaka la tatu waliwekwa mwisho wa foleni, na zamu yao ilipokaribia, Juni 2021, wimbi la pili likapiga na kila kitu kikafungwa upya. Mtoto aliyeanza P1, yaani darasa la kwanza, Februari 2020 alikaa darasani wiki chache tu, kisha hakuona ubao kwa karibu miaka miwili.

Mlianza na wakubwa kwa sababu wana mitihani. Naelewa mlikotokea. Lakini mtoto wa P7, darasa la saba, ukimpa kitabu atajikongoja nacho peke yake, na ukimpa redio ataandika anachosikia. Wa P1 hana analoweza kufanya bila mtu wa kumshika mkono na kumwonyesha herufi inavyoanza na inavyoishia. Yule anayemhitaji mwalimu zaidi kuliko wote ndiye aliyewekwa wa mwisho kumwona mwalimu.

Sisi wa Busia tulikuwa na la ziada. Mji wetu ni mmoja uliokatwa na mpaka, na Wasamia wako huku na kule, ukoo mmoja. Kenya nayo ilifunga shule Machi 2020. Oktoba ikarudisha baadhi ya madarasa, na Januari 2021 ikafungua zote. Tangu hapo watoto wetu walikuwa wakiamka, wakitazama wenzao wa ng'ambo wakipita na sare na mikoba, nao wakirudi kuchota maji. Virusi vile vile, barabara ile ile, malori yale yale. Mtoto mmoja aliniuliza kama corona ya Uganda ni kali kuliko ya Kenya. Wazazi wenye jamaa ng'ambo waliwapeleka watoto kwa shangazi na wajomba, wengine wakiwapitisha njia za panya. Wasio na jamaa wala karo walibaki nao nyumbani, na mpaka leo tofauti ya watoto hao wawili, aliyevuka na asiyevuka, naiona kwenye daftari.

Najua mtasema kulikuwa na masomo ya nyumbani. Ni kweli. NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, iliandaa vitini, vikachapwa hata magazetini, na vipindi vya redio na televisheni vikaanza. Ikaahidiwa pia redio kwa kila kaya na televisheni vijijini. Kijijini kwetu hazikufika. Vitini vilivyofika vilikuwa vichache hata mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akaviweka dukani, watu wakawa wanakuja na daftari kunakili kwa mkono. Na redio ya nyumba ni ya baba. Baba akitoka nayo kwenda kinyozi, somo limetoka naye. Nilijaribu kupita nyumba kwa nyumba jioni kabla ya kafyu, nikafundisha chini ya miembe watoto wachache wachache, mpaka nikaambiwa nakusanya watu kinyume cha sheria. Soko la chakula wakati huo huo lilikuwa wazi. Watoto sita chini ya mwembe, wakiwa na barakoa na upepo ukipita, walionekana hatari kuliko watu mia mbele ya meza za nyanya. Jambo hilo sijalielewa mpaka leo na ningependa kujibiwa.

Sasa simu. Shule za wenye uwezo kule Kampala zilifundisha kwa Zoom, na watoto wao hawakupoteza sana. Huku kwetu simu nyingi ni za tochi. Mzazi mwenye simu janja anaitegemea kwa biashara, ana watoto watatu wa madarasa matatu, na chaji ni ya kulipia dukani. Halafu simu hiyo hiyo mlikuwa mnaitoza. Tangu Julai 2018 kulikuwa na OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku kabla hujafungua WhatsApp. Ikaondolewa, mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Tazameni tarehe ilipoanza: 1 Julai 2021. Tulikuwa katikati ya siku 42 za lokidauni ya pili. Shule zimefungwa, teksi zimezuiwa, ibada ni ya mtandaoni, na mwezi huo huo serikali inatuma shilingi 100,000 kwa kaya maskini za mijini kwa njia ya simu. Ndipo bei ya kuingia intaneti ikapanda.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Januari 2021. Kampeni zilikuwa zimehamishiwa redioni na mitandaoni kwa sababu ya corona, mkauita uchaguzi wa kisayansi. Usiku wa kuamkia siku ya kura, tarehe 14, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Facebook ilifungwa siku hizo na ikaendelea kufungwa kwa miaka. Vikundi vya wazazi wetu vilikuwa huko, matangazo ya kliniki yalikuwa huko, kina mama waliuza nguo huko. Serikali inayowaambia watu wahamie mahali fulani haiwezi kupafunga mahali hapo siku inayotaka, kisha itegemee watu waamini tangazo lake linalofuata. Chanjo zilipofika Machi 2021, uvumi ulikuwa umeshatangulia, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kupata habari kwa kunong'onezana.

Nirudi darasani. Januari 2022 watoto walirudi, wamepandishwa madarasa bila mtihani. Asubuhi ya kwanza niliandika herufi ubaoni, a mpaka e. Wengine walizitazama kama picha. Mvulana mmoja aliishika penseli kwa ngumi, kidole gumba kikiwa juu. Nilimuuliza muda wote huo alikuwa wapi, akasema Tiira. Tiira ndiko kwenye machimbo ya dhahabu ya wilaya yetu. Watoto huko hubeba mawe, huyaponda, na huchanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Yule mtoto alijua bei ya pointi moja, kile kipimo kidogo cha dhahabu. Jina lake hakujua kuliandika.

Na kuna jambo ambalo hakuna mtihani unaolipima. Watoto walikuwa wamefundishwa kwa miaka miwili kwamba mwenzako ni hatari. Walijibana pembeni mwa dawati, hawakuazimana rula, na mmoja akikohoa darasa zima liligeuka kumtazama. Uwanjani nilipowaambia washikane mikono tucheze mchezo wa duara, walishikana mikono ya sweta. Ilichukua muhula mzima kuwarudisha kuwa watoto wanaosukumana na kucheka. Waliozaliwa na kukulia kwenye kipindi kile sasa ndio wanaoingia kwangu, na bado naona wapo wasiojua kuomba, kungoja zamu, wala kugombana na kupatana. Vitu hivyo mtoto hujifunza kwa watoto wenzake, mahali penye watoto wengi. Havipitii redioni.

Wengine hawakurudi kabisa. Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi. Miongoni mwao ni wasichana waliopata mimba, na hapa nina neno na Wizara ya Elimu. Mwongozo wenu wa 2020 unamtaka mwanafunzi mjamzito atoke shuleni mimba ikifika miezi mitatu, arudi mtoto akiwa na miezi sita. Huo ni mwaka mzima nje, juu ya karibu miaka miwili aliyokwisha kukaa nje. Msichana niliyemfundisha kusoma alikuja kunitembelea akiwa na mtoto mgongoni, akasoma ubao wangu wote kwa sauti kutoka mlangoni, kisha akaniambia hawezi kukaa darasa moja na wadogo zake. Anahitaji darasa la jioni na mtu wa kumshikia mtoto saa mbili. Si fedha nyingi hizo.

Walimu wa shule za binafsi nao waliachwa bila mshahara. Wakakaanga chapati, wakaendesha boda, na baadhi ya madarasa yao yakawa mabanda ya kuku. Hodari kadhaa wa kufundisha kusoma hawajarudi kwenye chaki.

Naomba mniruhusu niseme juu ya matanga, ingawa si kazi ya mwalimu. Mwaka 2020, mpaka ukiwa umefungwa kwa watu, shangazi yangu alifariki upande wa Kenya. Ilikuwa sukari, haikuwa corona. Kwake tunakwenda kwa miguu, si mbali. Hatukuweza kuvuka. Mpwa wangu akapiga simu ya video, nasi tukajikusanya sebuleni, simu tukaiegemeza kwenye kopo la sukari. Katikati ya maziko mtandao ukakwama picha ikiwa kwenye mgongo wa koti la mtu, sauti ikaendelea. Tulisikia sala, tukasikia udongo, tukiwa tunatazama koti. Mama yangu hakulia siku ile. Alisema hajaona kitu cha kulilia. Mpaka ulipofunguliwa akaenda, akaliona kaburi limeshaota majani, akaketi chini akalia peke yake, wenzake walikuwa wamemaliza kulia miezi mingi nyuma.

Kwa upande wetu, wimbi la pili maziko yaliruhusiwa watu 20. Waliokufa kwa corona walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, ukoo ukiwa umesimama mbali. Hofu ilikuwa na sababu zake. Lakini maziko kwetu ni zaidi ya kufukia mwili. Majirani hulala matangani, mwenye kudai hudai, mwenye kudaiwa hukiri, shamba la marehemu husemwa ni la nani na mpaka wake uko wapi, watu wote wakisikia. Yote hayo yalirukwa. Ugomvi wa shamba ninaoujua hapa mtaani, unaotugharimu amani mpaka sasa, ulianzia kwenye maziko ya namna hiyo: wazee watatu walioujua mpaka hawakuwa kati ya wale 20. Siku nyingine acheni ukoo uchague wenyewe nani aingie, tena uwanjani penye hewa. Wazee wa kutoa ushahidi wawe na nafasi yao hata kama watasimama mbali. Jambo dogo kama hilo lingetuokoa.

Madereva wa malori niwataje pia, maana hawana wa kuwasemea. Kila jioni takwimu za wizara ziliwataja kwa vituo vya mpakani: wangapi Malaba, wangapi Busia, wangapi Elegu, wangapi Mutukula. Watu waliowaletea mafuta, chumvi na dawa wakawa watu wa kukimbiwa. Foleni ilienda kilomita kwa kilomita, wao wakilala chini ya malori wakingoja majibu ya vipimo. Mtaani kwetu sahani ya dereva iliwekwa juu ya jiwe, muuzaji akarudi nyuma, malipo yakatumwa kwa simu. Wapo walioleta bidhaa hapa kwa miaka mingi, tukijuana kwa majina ya watoto wetu, na mpaka leo hawashuki tena kunywa chai. Takwimu zingeweza kusomwa bila kulitaja kundi moja la watu kila siku kana kwamba wao ndio ugonjwa.

Simu ina wema wake na sitaki kuuficha. Mpaka ulipofungwa, mizigo iliruhusiwa kupita kwa malori lakini watu hawakuruhusiwa. Mama mwenye magunia mawili ya maharage hana lori. Kina mama wa hapa wakaunda vikundi, wakachanga mizigo ijaze gari moja, wakapiga picha na kuzituma WhatsApp, mnunuzi akalipa kwa simu kabla ya mzigo kuondoka. Baadhi yao wanaendelea hivyo hivyo na faida imezidi ya zamani, hawashindi tena juani wakibembeleza wateja. Kikundi cha wazazi wa darasa langu nacho kilizaliwa wakati ule, na leo mtoto akikosa shule siku moja najua kabla ya saa nne kwa nini. Ningesikitika kukipoteza. Ila waliofaulu ni waliojua kusoma ujumbe na kutambua tapeli. Wasiojua walituma mzigo wakaambulia ujumbe wa malipo wa uongo, mtaji ukaisha, wakarudi kulima vibarua.

Hao ndio ninaowaona leo wakihangaika na huduma zenu. Fomu ya pasipoti ni ya mtandaoni. Kesi za mahakama kuu zinasajiliwa kwa mfumo wa kompyuta. Hata fedha za PDM, mpango wa serikali wa kuinua kaya maskini, shilingi milioni moja kwa mnufaika, hupitia kwenye simu. Nendeni kwenye vibanda vya intaneti hapa mjini mtaona bibi ameketi kwenye benchi, kitambulisho mkononi, kijana anamjazia asichokielewa na kumtoza anachotaka. Namba ya siri ya simu ya bibi anaijua mjukuu, anaijua wakala, anaijua jirani. Pesa zikipotea anaambiwa alitoa mwenyewe, na ushahidi wa simu unasema hivyo hivyo. Zamani angekwenda ofisini akamkuta karani mwenye uso na jina, akibishana naye watu wakisikia. Sasa abishane na nani?

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba, na nitayasema bila kuzunguka.

Andikeni kwenye mpango wa taifa wa kukabili magonjwa kwamba madarasa ya chini yatakuwa ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa, na kwamba shule itafungwa wilaya kwa wilaya, hata kata kwa kata, kulingana na ugonjwa ulipo. Mnaweza. Mwaka 2022 Ebola ilipoingia mliifungia Mubende na Kassanda tangu Oktoba mpaka Desemba, nchi iliyobaki ikaendelea na maisha. Lakini mwaka huo huo shule za nchi nzima mlizifunga wiki mbili kabla ya wakati, 25 Novemba, hata huku Busia ambako hatukuwa na mgonjwa. Nilipowaona watoto wakifunga mikoba siku ile, yule mvulana wa Tiira aliniuliza kama ni kama ile mara nyingine. Sikuwa na karatasi yoyote ya serikali ya kumwonyesha kwamba siyo.

Mwalimu akiwa na watoto wachache nje, kwenye hewa, apewe kibali cha maandishi cha kufundisha. Barakoa tutavaa, mikono tutanawa, majina tutaandika. Msituweke kundi moja na disko.

Kodi ya asilimia 12 kwenye data iondolewe, na kama hazina haitaki, basi masomo ya wizara na habari za afya zifunguke bure kwenye laini zote, hata simu isipokuwa na salio. Na muweke kwenye sheria kwamba wakati wa ugonjwa wa mlipuko intaneti haizimwi kwa sababu yoyote. Tume ya Mawasiliano inajua kabisa ni watu wangapi siku hizo huitegemea kumpigia daktari au kumpata wa boda wa kumbeba mama mjamzito. Mwaka 2020 mama mjamzito alitakiwa kwanza apate ruhusa ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ndipo apande chombo. Rais akaliondoa sharti hilo, lakini kabla habari haijafika kwa kila askari wa kizuizini, wapo waliojifungulia njiani. Mabadiliko ya amri kama hayo yatangazwe redioni kwa lugha zetu usiku ule ule, na askari wasomewe kabla ya kukabidhiwa zamu.

Kila huduma ya serikali iliyowekwa kwenye simu ibaki na karani makao ya kata, angalau siku za soko, atakayempokea mtu asiye na simu wala asiyejua kusoma, bila malipo, na ampe risiti ya karatasi. Hili nalisisitiza zaidi kwa PDM.

Na wasichana waliozaa wafunguliwe mlango bila kungoja mwaka. Hapa kwetu madarasa ya jioni yanawezekana, walimu tupo, vyumba vipo. Tunachohitaji ni posho ndogo ya mwalimu na barua ya kuturuhusu, kwa kuwa bila barua hiyo mwalimu mkuu yeyote anaogopa.

La mwisho. Mpango mtakaouandika msiusomee hotelini Kampala peke yake. Uleteni kwenye baraza za kata, kwa Kiswahili na kwa Kisamia, kabla haujapitishwa, ili mama wa maharage, dereva, mzee anayeijua mipaka ya mashamba na yule msichana mwenye mtoto mgongoni waseme mahali ambapo hautafanya kazi. Tuambieni tarehe. Uwanja wa shule upo, na wazazi nitawaita mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa madarasa ya chini,
Busia, Uganda